Garanti Ikiisha, Amana Nayo Inaisha?



Ndugu zangu katika imani, naomba nianze na kisa kidogo cha msikitini kwetu, maana ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Waumini wa msikiti wetu wa mtaani, hapa Buyenzi, walichanga fedha za kununua mashine ya kufyonza vumbi, ile ambayo wengi wetu Bujumbura tunaiita asipirateri. Mazulia yalikuwa yanafagiliwa kwa ufagio na akina mama wawili watu wazima. Kila wakifagia, vumbi linapanda juu, linazunguka, kisha linarudi palepale, na mmoja wao ana pumu. Ikaamuliwa inunuliwe isiyo na waya, kwa sababu mara nyingi saa ya kusafisha ndiyo saa ambayo umeme umekatika. Yenye betri unaichaji usiku umeme ukirudi, asubuhi unaitumia. Mimi, kwa kuwa niko chuo kikuu na kwa wazee hilo maana yake ni kwamba najua kila kitu kilichomo kwenye intaneti, nikapewa kazi ya kuchagua.

Nikachagua ya bei ya juu. Nikawaambia wazee yale ambayo sote tunayasema: tununue kitu cha bei rahisi tukinunue mara tatu, au tununue kizuri mara moja? Wazee wakakubali. Ilipita faranga milioni mbili, na fedha ile ilitoka kwa wauza mboga, mafundi magari na wajane. Ikaletwa kutoka Dubai na mfanyabiashara mmoja wa hapa mjini, mtu wa swala tano, tunayesimama naye safu moja.

Mwaka mzima ilifanya kazi vizuri. Mwezi wa kumi na tatu, siku ya Alhamisi, mazulia yakiandaliwa kwa ajili ya Ijumaa, ilizunguka sekunde chache ikanyamaza. Ukiichomeka kwenye chaja, taa nyekundu inapepesa, basi. Tukaipeleka dukani pamoja na risiti. Mzee yule akaisoma risiti, akahesabu miezi kwa vidole, akasema kwa upole: "Mwanangu, garanti ni mwaka mmoja. Mwaka umeisha wiki tatu zilizopita. Tuliandikiana hivi."

Hakututukana, hakutufukuza. Alilosema lilikuwa kweli. Na bado tulitoka dukani tukihisi tumedhulumiwa.

Swali langu ni hili: je, hisia ile ilikuwa na haki, au ilikuwa hasira tu ya mtu aliyepoteza fedha? Tarehe ya kwenye risiti ikishapita, je, na dhima ya muuzaji mbele ya Mwenyezi Mungu inakuwa imepita?

Tumsikilize muuzaji kwanza

Si uadilifu kumhukumu mtu kabla ya kutoa hoja yake kwa nguvu zake zote. Muuzaji ana hoja, na si ndogo.

Sura ya al-Maida inafunguka kwa kuwaamuru walioamini watimize mikataba. Na katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Waislamu wanafungwa na masharti waliyowekeana, isipokuwa sharti linaloharamisha halali au kuhalalisha haramu. Sisi tuliweka sharti la mwaka mmoja, hakuna aliyetulazimisha. Tena hakuna kitu cha dunia kisichochakaa. Muuzaji akiambiwa abebe lawama ya kila kinachoharibika mpaka siku ya kufa kwake, hakuna atakayefungua duka, na sisi wanunuzi ndio wa kwanza kuumia.

Wala mtu asidhani kwamba garanti yenye muda ni jambo la Wazungu. Imam Malik (aliyefariki mwaka 179 Hijria) ameandika katika Muwatta kwamba watu wa Madina walikuwa na kitu walichokiita 'uhda, yaani muda ambao kasoro ikijitokeza inabaki juu ya muuzaji. Zilikuwepo 'uhda mbili: ya siku tatu kwa kila kasoro, na ya mwaka mmoja kwa maradhi makubwa matatu, yaani wazimu, ukoma na mbalanga. Magavana walikuwa wakiwakumbusha watu hukumu hiyo juu ya mimbari. Hukumu hiyo ilihusu mauzo ya watumwa, biashara ambayo tunamshukuru Allah imeondoka. Tunachokitafuta hapa ni namna walivyofikiri juu ya muda.

Kwa nini mwaka? Wanazuoni wa Kimaliki wameeleza kwamba maradhi yale hujificha, na hujitokeza majira yanapobadilika. Mwaka ukizunguka, majira yote yamepita, na kilichojificha kimepata nafasi ya kutoka. Hebu tuishike sababu hiyo, maana ndiyo ufunguo wa jambo lote. Muda uliwekwa ili kasoro iliyofichika ipate kuonekana. Ulikuwa dirisha la kumfungulia mnunuzi aone alichouziwa.

Sasa fikiria muda uliowekwa kwa hesabu ya kinyume: mtu anajua kitu kitaharibika karibu na mwezi wa kumi na nne, naye anaandika miezi kumi na miwili. Karatasi ni ileile, neno ni lilelile, garanti. Lakini dirisha limegeuzwa kuwa pazia.

Kesi ya Ibn Umar mbele ya Uthman

Katika Muwatta hiyohiyo kuna kesi ambayo kila mwanafunzi wa sheria na wa biashara katika chuo chetu anastahili kuijua.

Abdullah bin Umar (r.a.) alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800, akaweka sharti kwamba amejivua dhima ya kasoro. Kwa lugha ya madukani kwetu ni kama kuandika "kikitoka hakirudi". Baadaye mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa yule ana ugonjwa ambao hakutajiwa. Wakaenda kwa khalifa, Uthman bin Affan (r.a.). Mnunuzi akatoa madai yake, na Ibn Umar akajitetea kwa sharti lake: nimeuza nikiwa nimejivua dhima.

Uthman hakusema kwamba sharti ni batili. Pia hakusema kwamba sharti limemaliza maneno. Alimtaka Ibn Umar aape kwamba wakati anauza hakuwa akiujua ugonjwa wowote kwa mtumwa yule. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa kwake. Mtumwa akapona, na Ibn Umar akamuuza kwa dirhamu 1,500.

Angalia swali lilipowekwa. Kwa macho ya Uthman, karatasi inamlinda muuzaji katika lile asilolijua. Lile analolijua haliingii ndani ya karatasi. Na Imam Malik anasema wazi kwamba anayeuza kwa kujivua dhima, kisha ikabainika aliijua kasoro akaificha, kujivua kwake hakumfai kitu na mauzo yanarudishwa.

Sisi huku Afrika Mashariki wengi wetu tuko katika madhehebu ya Imam Shafi'i, na msimamo wake ni mkali zaidi. Imam Nawawi katika Minhaj amesema kauli yenye nguvu ni kwamba sharti la kujivua kasoro linamwokoa muuzaji katika jambo moja tu: kasoro ya ndani, katika mnyama, ambayo muuzaji hakuijua. Kwa nini mnyama? Kwa sababu mnyama anakula akiwa mzima na anakula akiwa mgonjwa. Hali yake ya ndani inageuka pasipo mwenyewe kuona. Ama nguo, chombo au nyumba, mwenyewe anaweza kuichunguza, basi asijifiche nyuma ya sharti.

Nikawa najiuliza: asipirateri ya betri ni mnyama au ni nguo? Mtu anaweza kucheka, lakini swali ni la kweli. Mwili wake wa plastiki na mota yake ni kama nguo. Mtu wa ufundi anaichunguza na kujua. Betri yake iko karibu na mnyama: inakula umeme, inachoka, joto linaizeesha, na kwa nje huoni kitu. Basi tuseme tumpe muuzaji nafuu yote, tuiite mnyama. Bado nafuu hiyo inakwenda kwa yule asiyejua tu. Kila mlango unaturudisha kwa Uthman: ulijua?

Fundi alichokiona

Tulipokata tamaa na duka, tuliipeleka kwa fundi wa hapahapa mtaani. Anayeijua Buyenzi anajua kwamba hapa hakuna chuma kinachotupwa kabla ya watu watatu kukitazama. Fundi akaifungua betri kwa shida, maana ilikuwa imegandishwa bila skrubu. Ndani mlikuwa na seli sita za lithiamu zilizounganishwa mfululizo, pamoja na kibao kidogo cha umeme. Akapima seli moja moja. Tano zilikuwa nzima. Moja ilikuwa imeshuka.

Akatueleza kwamba kibao kile kinalinganisha seli, na kikiona moja imeachana na wenzake kinafunga betri yote. Nikamuuliza kama hiyo ni hila. Akasema hapana, lithiamu ikichajiwa vibaya inaweza kuwaka moto, na kufunga ni usalama. "Lakini," akaongeza, "nikibadilisha hii seli moja, kibao hakifunguki tena. Kimeshaandika kwamba betri imekufa. Kwa hiyo hii mashine haijaharibika, imeambiwa isimame." Na betri mpya ya aina hiyo hapa mjini haiuzwi peke yake.

Hapo pana mambo mawili tusiyachanganye. Seli kuchoka ni ajali ya kawaida; betri za lithiamu zinapungua nguvu kwa kila kuchajiwa, na mji wetu wa kando ya ziwa una joto ambalo halizisaidii. Hilo ni qadari na fizikia. Lakini kutumia gundi mahali pa skrubu, kutengeneza kibao kisichosamehe, kutouza kipuri, hayo ni maamuzi. Kuna mtu aliyekaa mezani akayachagua.

Wenye viwanda wanajua

Je, mtengenezaji anajua kitu chake kitadumu muda gani? Anajua kwa karibu sana, kwa sababu kupima maisha ya bidhaa ni sehemu ya kuitengeneza.

Historia ina mfano mashuhuri. Disemba 1924, mjini Geneva, makampuni makubwa ya taa za umeme, yakiwemo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, yalifunga mapatano yaliyojulikana kama Phoebus. Pamoja na kugawana masoko, yalikubaliana kwamba taa ya nyumbani isidumu zaidi ya saa 1,000 hivi, ilhali tayari ziliwezekana za kudumu zaidi. Viwanda vilipeleka sampuli zikapimwe, na kiwanda ambacho taa zake ziliishi kupita kiasi kilitozwa faini. Soma tena: faini kwa kutengeneza kitu kinachodumu. Mpango huo ulivunjika vita vya 1939 vilipoanza, lakini ulituachia ushahidi kwamba maisha ya kitu yanaweza kupangwa ofisini.

Hata kwa asipirateri, Umoja wa Ulaya uliweka kanuni mwaka 2013 (namba 666/2013) kwamba kuanzia Septemba 2017 mota iweze kufanya kazi saa 500 au zaidi, na bomba lake libaki zima baada ya kupindwa mara 40,000. Kwa hiyo viwanda vina maabara ambamo bomba linapindwa mara 40,000 na mtu anaandika lilikatika lini. Lakini kanuni hiyohiyo iliziacha nje mashine za betri, yaani aina ile niliyowachagulia wazee wangu.

Na ziko nchi ambazo zimeanza kuuliza swali la Uthman kwa lugha ya kisasa. Ufaransa mwaka 2015 ilifanya kuwa kosa la jinai kufupisha kwa makusudi maisha ya bidhaa ili watu wanunue tena. Februari 2020 mamlaka yake ya kulinda walaji iliitoza kampuni ya Apple euro milioni 25. Kosa lililotajwa ni kwamba wateja hawakuambiwa kuwa masasisho ya programu yanaweza kupunguza kasi ya simu zenye betri zilizochoka. Kampuni ilikuwa na maelezo yake ya kiufundi. Kilichoadhibiwa ni kunyamaza.

Sisemi kwamba kila kiwanda kina njama. Dhana mbaya ni dhambi, na vitu vingi vinakufa kwa sababu vimetengenezwa na binadamu. Ninachosema ni kwamba hoja ya "hatukujua" ni ngumu kutoka kwa mtu mwenye maabara.

Chakula kilichokuwa chini

Tuna hadithi tunayoisikia kila mwezi kwenye khutba mpaka tumeizoea. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye rundo, naye akajibu kwamba mvua ndiyo iliyoilowesha. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu ili watu wauone, kisha akasema kwamba mwenye kudanganya si katika wafuasi wake. Ni katika Sahih Muslim.

Jambo ambalo huwa tunalipita ni jibu la yule mtu. Alisema kweli. Mvua ilinyesha kweli, na si yeye aliyeinyesha. Wala Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa mvua, alimlaumu kwa mpangilio wa rundo. Kasoro inaweza kuwa ya mbingu, lakini mahali ilipowekwa ni pa mwenye rundo.

Kwa mizani hiyo, kitu kinapoharibika baada ya garanti tunaweza kugawa hali tatu. Ya kwanza ni kuchakaa: mazulia ya msikiti yanafyonzwa kila siku, na hatukununua kitu cha milele. Hapo muuzaji hana deni. Ya pili ni kasoro ambayo hakuna aliyeijua, wala muuzaji wala kiwanda. Hapo tarehe ya garanti ni mpaka wa haki, na mwenye imani anakubali hasara yake. Ya tatu ni kasoro iliyojulikana na ikanyamaziwa. Hiyo ni nafaka mbichi iliyowekwa chini. Zamani ilifichwa chini ya nafaka kavu. Siku hizi inafichwa chini ya miezi kumi na miwili mikavu. Tarehe kupita hakuibadilishi, kwa sababu dhambi yake ilitendeka siku ya kuuza.

Na bei ya juu inazidisha uzito wa hali hii ya tatu. Anayeuza kitu ghali kuliko vingine vya aina yake anauza pamoja nacho ahadi isiyoandikwa kwamba kitadumu. Anachukua fedha ya ahadi hiyo. Hawezi siku ya madai kusema kwamba ahadi haikuandikwa.

"Lakini mimi si kiwanda"

Mfanyabiashara wetu alisema neno hili, na ni neno zito. Yeye hakutengeneza. Anapanda ndege, ananunua kwa jumla, analipa ushuru, anauza. Maabara yake iko wapi?

Sheria za kidunia zimempa jibu la kati. Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa ya mwaka 1804, ambayo sheria ya mikataba tuliyorithi kutoka enzi za Wabelgiji imetokana na ukoo wake, inambebesha muuzaji kasoro zilizofichika hata kama hakuzijua, ila inamruhusu kujivua kwa sharti. Akiwa aliijua kasoro, anarudisha fedha na analipa hasara pia. Unaona kwamba hata mahakimu wasioswali wamefika palepale: kujua na kutojua haviko katika mizani moja.

Mimi nasema dhima ya kila mtu ni kwa kadiri ya elimu yake. Kiwanda kinabeba kilichoonekana maabara. Muuza duka anabeba kilichorudi kwenye kaunta yake. Ikiwa mashine tatu za aina moja zimerudishwa zikiwa na taa nyekundu inayopepesa, ile ya nne haiuzi tena kama mtu asiyejua. Hahitaji kuacha biashara. Anahitaji kusema maneno machache: "Betri za hizi zinasumbua baada ya mwaka, na kipuri hapa hakuna. Ukitaka bado, chukua." Katika hadithi ya Hakim bin Hizam, iliyomo katika Bukhari na Muslim, baraka ya mauzo imefungwa na mambo mawili: kusema kweli na kubainisha. La pili ni zaidi ya kutosema uongo.

Sehemu yangu

Ningeweza kuishia hapa nikiwa nimewahukumu wengine wote. Lakini kuna jambo ambalo sikuliandika mwanzo.

Wiki ile ya kuchagua mashine nilisoma maoni ya wanunuzi. Wengi walisifu. Wachache, siwezi kusema hawakuwepo, waliandika kwamba betri ilikufa baada ya mwaka. Niliyaona. Nikajiambia ni watu wa kulalamika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshawaambia wazee nimepata mashine nzuri, na sikutaka kurudi kwao nikiwa kijana anayesitasita. Sikuchukua hata faranga moja. Nililinda heshima yangu kwa fedha za wajane.

Katika fiqhi mimi nilikuwa wakili, na wakili ni mtu wa amana. Siku ile nilipokuwa natoka dukani nimekunja uso nikisema tumedhulumiwa, kama Uthman angenisimamisha mlangoni akaniambia niape kwamba sikujua lolote, nisingeweza kuapa.

Imamu wetu alituita baada ya Isha, mimi, wazee wawili na mfanyabiashara. Hakumtaka mtu yeyote aape. Alisimulia kesi ya Ibn Umar, akanyamaza. Mfanyabiashara alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kabla ya yetu zilikuwa zimerudi mbili. Alidhani waliozinunua walizitumia vibaya. "Nilidhani," akarudia, "au nilitaka kudhani." Nami nikasema la kwangu. Si jambo jepesi kulisema mbele ya wazee walionilea, na mmoja wao hakuniangalia mpaka tulipoagana.

Tukakubaliana hivi: safari yake iliyofuata alileta betri kwa bei aliyonunulia, nusu akatoa yeye, nusu nikatoa mimi kwa kufundisha masomo ya jioni miezi miwili. Mashine inafanya kazi mpaka leo, Alhamdulillah, na sasa hatuiachi kwenye chaja usiku kucha.

Mzee mmoja wa kamati bado anashikilia kwamba mfanyabiashara hakuwa na deni lolote, kwamba alichofanya ni ihsani na kinastahili kushukuriwa kama ihsani. Ninamheshimu, na tumebishana mara nyingi. Kwangu mimi, kama zisingerudi zile mbili, ingekuwa ihsani. Zikisharudi, ilikuwa wajibu. Na kwangu pia ilikuwa wajibu.

Kwetu sisi wanafunzi

Kwa nini nayaleta haya chuoni? Kwa sababu soko letu liko hapahapa mabwenini. Kila mwisho wa muhula simu na kompyuta zinabadilisha mikono. Tunauza simu ambayo betri inashuka kutoka 40 hadi 5 kwa dakika, tunaichaji ijae kabla mnunuzi hajaja, tunasema "nauza kwa sababu nimepata nyingine". Na tukishapokea fedha tunasema "ulijionea mwenyewe". Tuna garanti fupi kuliko ya kiwanda chochote: inaishia mlangoni.

Dawa yake ni ndogo. Kabla ya kuuza, jiulize kile ambacho ungeulizwa na Uthman: kuna kitu ninachokijua juu ya kitu hiki ambacho mnunuzi angebadilisha bei au nia kama angekijua? Kama kipo, kiweke juu ya rundo. Utapoteza faranga kidogo. Ibn Umar alirudisha dirhamu 800, na Allah akampa 1,500. Ingawa hata asingempa, alikuwa ameshapata kulala usingizi.

Na wapo kati yetu watakaokuwa wahandisi, mawakili, waagizaji wa bidhaa. Siku moja mtakaa kwenye meza ile ambapo inaamuliwa skrubu au gundi, miezi kumi na miwili au ishirini na minne. Hakuna mnunuzi atakayekuwepo chumbani. Wale akina mama wanaosafisha mazulia ya msikiti hawatakuwepo. Allah (s.w.t.) yupo, na kwake tarehe ya garanti haiishi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.